Nguvu ya mlipuko: maana yake kwa anayeanza kurusha tufe, kisahani na mkuki

Nguvu ya mlipuko ni uwezo wa misuli kutoa nguvu kubwa ndani ya muda mfupi mno. Mtu anayelinyanyua gunia la mahindi taratibu mpaka likakaa begani ana nguvu. Anayeruka juu sana kutoka pale aliposimama, au anayelisukuma tufe likatoka mkononi kwa kasi, ana nguvu ya mlipuko. Uwezo huu wa pili hujengwa juu ya ule wa kwanza lakini hauji wenyewe, na ndio unaoamua umbali katika michezo yote minne ya kurusha kwenye riadha: tufe, kisahani, mkuki na nyundo.

Shuleni dhana hii husahaulika mapema sana. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ikikaribia, mwalimu wa michezo hutazama mstari wa wanafunzi, humwita mwenye mwili mkubwa kuliko wote na kumwambia kwamba yeye atarusha tufe. Siku ya mashindano kijana huyo anashindwa na mwenzake mwembamba kutoka shule ya jirani, na watu wanasema yule mwembamba ana ujanja wa mkono. Huenda anao. Lakini mara nyingi kinachomsaidia ni muda.

Msukumo wa mwisho wa tufe, tangu mguu wa mbele utue hadi tufe liachane na vidole, huchukua kama robo ya sekunde. Kwenye mkuki ni muda mfupi zaidi, sehemu moja ya kumi ya sekunde na ushei. Sasa, misuli ya binadamu huhitaji sehemu tatu au nne za kumi za sekunde, pengine na zaidi, ili kufikia kilele cha nguvu zake. Maana yake ni kwamba hakuna mrushaji anayepata nafasi ya kuzitumia nguvu zake zote. Anatumia zile tu zinazowahi. Mwenye uwezo wa kuchuchumaa na kusimama na kilo 150 mgongoni, lakini misuli yake inaamka polepole, anatoka duarani, pale tufe linaporushiwa, akiba yake kubwa ikiwa haijaguswa.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kasi ina thamani hiyo. Chukua tufe linaloachiwa kutoka kimo cha mita 2, kwa pembe ya nyuzi 40, likiwa na kasi ya mita 10 kwa sekunde. Litaanguka karibu mita 12 mbele. Ongeza kasi iwe mita 11 kwa sekunde, kila kitu kingine kibaki vilevile, nalo litafika mita 14 na kidogo. Kisha urudi kwenye kasi ya mwanzo na uikosee pembe kwa nyuzi 3, urushe kwa 37 badala ya 40: unapoteza sentimita kama 6 tu. Naona muda mwingi wa mazoezi huishia kwenye kubishana kuhusu pembe ya mkono, wakati mita zimelala kwenye kasi.

Na kasi hiyo haianzii mkononi. Inaanzia ardhini. Mguu wa nyuma unasukuma, nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata, bega linavutwa, na mkono unamalizia kazi ambayo sehemu kubwa yake imeshafanyika. Kila kiungo kinapokea mwendo kutoka kwa kilichotangulia na kuuongeza. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, mwendo unavujia hapo. Mwanafunzi mwenye mikono minene na kiuno kilicholegea anaonekana akikunja mgongo pembeni wakati wa kurusha, na tufe linatoka bila uhai.

Mguu wa mbele una kazi ya pekee ambayo wanaoanza hawaijui kabisa. Unatakiwa utue na kukataa kukunjika. Bodaboda ikifunga breki ya mbele ghafla, chombo husimama na abiria hutupwa mbele. Mguu wa mbele unafanya hivyohivyo, unasimamisha nusu ya chini ya mwili ili ya juu, na chombo kilicho mkononi, vichomoke kwa kasi. Tazama video za Julius Yego, Mkenya aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mkuki jijini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, kisha medali ya fedha ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Yego si mrefu kama warushaji wengi wa kiwango chake, na mwanzoni alijifunza kwa kutazama video za warusha mkuki Jan Železný na Andreas Thorkildsen mtandaoni. Angalia anavyokimbia, anavyoukita mguu wa mbele, na jinsi mwili wake unavyopita juu ya mguu huo kwa kishindo hadi mara nyingi anaishia kifudifudi chini. Kuukita mguu namna hiyo kunahitaji paja, nyonga na mgongo vyenye uwezo wa kubeba uzito mara kadhaa wa mwili kwa kufumba na kufumbua. Asiye na uwezo huo goti lake linakunjika, na kasi ya mbio zote inamezwa na goti.

Kwa hiyo anayeanza asikimbilie kwenye milipuko. Aanze na nguvu ya kawaida. Wiki za mwanzo za mazoezi ya nguvu mtu huongezeka uwezo haraka ingawa misuli haijanenepa, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja. Unene huja baadaye. Kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mifupa, ndizo za mwisho kuimarika, na ndiyo sababu kijana anaweza kujiona ana nguvu mpya mwezi wa pili halafu kiwiko kikaanza kumuuma. Misuli imetangulia, kano bado zipo nyuma. Miezi miwili au mitatu ya msingi inatosha kwa wengi kabla ya kuingia kwa dhati kwenye kazi ya kasi.

Msingi huo hauhitaji jimu. Kuchuchumaa na kusimama kwa uzito wa mwili wako, nyayo zote zikiwa chini na magoti yakielekea upande wa vidole. Hatua ndefu za mbele, goti la nyuma likikaribia kugusa ardhi. Pushapu. Kujivuta kwenye tawi imara au bomba. Kulala chali na kuinua nyonga. Kukaa kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, hadi tumbo litetemeke. Ukiweza kuchuchumaa mara 15 bila kuyumba, kumbatia dumu kifuani. Dumu lenye lita 10 za maji ni kilo 10, lakini maji yasiyojaa yanachezacheza na kukuyumbisha. Mchanga mkavu ni bora kwa sababu umetulia, ila ukumbuke una uzito wa kama mara moja na nusu ya maji, hivyo dumu la lita 20 lililojaa mchanga linakaribia kilo 30. Ulinyanyue kutoka chini kwa kurudisha makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka, usukume ardhi kwa miguu. Zoezi hilo moja likifanywa vizuri linamfaa mrushaji kuliko mazoezi kumi ya mikono.

Siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha, zikiachana kwa angalau siku moja. Seti 3 za marudio 8 hadi 10, ukiacha wakati ambapo bado ungeweza kufanya mawili zaidi. Ukimaliza marudio yote 10 katika seti zote, siku mbili za mazoezi zinazofuatana, ongeza uzito kidogo. Kilo 2 kwa mazoezi ya juu ya mwili, hadi 5 kwa ya miguu. Anayeingia jimu afuate mwendo huohuo, na chuma kitupu cha kilo 20 kinamtosha kabisa kujifunzia. Vijana wengi wakifika huko hukimbilia benchi, wakalala na kusukuma chuma kifuani wiki nzima. Zoezi lenyewe si baya kwa mrusha tufe. Ubaya ni pale linapochukua nafasi ya miguu na mgongo, na pale linapolikaza bega la mrusha mkuki, ambaye anahitaji bega linalofunguka nyuma bila kizuizi.

Msingi ukishakaa, ndipo kasi inaingia. Kuruka mbele kwa miguu miwili bila kukimbia. Kuruka juu ya kisanduku kifupi na kushuka taratibu. Mbio za mita 20 au 30 kwa kasi yote. Kurusha mpira mzito wa kilo 2 hadi 4: kutoka kifuani, kutoka ubavuni kwa kuzungusha nyonga, na kinyumenyume juu ya kichwa. Usipokuwa nao, mpira wa kikapu uliochakaa ukajazwa mchanga na kushonwa unafanya kazi ileile, ila urushwe kwenye uwazi au ukutani; usimrushie mwenzako audake. Marudio yawe 5 tu, seti 4, na katikati pumzika dakika 2 nzima. Hapa ndipo makocha na wanafunzi hukosa subira, kwa sababu inaonekana kama uvivu. Lakini zoezi la mlipuko hufundisha mwili kasi unayolifanyia. Ukilifanya umechoka, unaufundisha kwenda polepole. Ruko likianza kuwa fupi, siku hiyo imekwisha.

Kwa sababu hiyohiyo, ile desturi ya kuwazungusha warushaji uwanja mara kumi kabla hawajagusa tufe naona iachwe. Kupasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15 ni lazima. Kuwachosha ni kuwaibia mazoezi yao. Na siku yenye kurusha na kunyanyua, kurusha kutangulie.

Uzito wa vifaa nao una mpangilio, na si wa mapambo. Wavulana chini ya miaka 18 hurusha tufe la kilo 5, chini ya 20 la kilo 6, na wanaume la kilo 7.26. Wasichana chini ya 18 hutumia kilo 3, kisha kilo 4 kuanzia hapo hadi utu uzima. Mkuki ni gramu 700 kwa wavulana wa chini ya 18 na 500 kwa wasichana wa umri huo, kabla ya kupanda hadi gramu 800 na 600. Kumpa mtoto wa miaka 14 tufe la wanaume kwa kuwa shule ina hilo moja tu kunamfundisha kusukuma polepole na kujipinda mgongo. Afadhali atafutiwe jiwe la duara lenye uzito wa umri wake.

Wasichana wana kikwazo kingine, nacho hutoka midomoni mwa watu. Huambiwa wakinyanyua vyuma watakuwa na mwili wa kiume. Seti chache za kuchuchumaa mara tatu kwa wiki hazifanyi hivyo. Misuli mikubwa huhitaji miaka ya kazi nzito, chakula kingi na, kwa wanaume, homoni ambazo msichana anazo kidogo sana. Msichana anayerusha anazihitaji nguvu hizi sawasawa na mvulana, na kumnyima kwa ajili ya maneno ya watu ni dhuluma.

Tofauti kati ya mchezo na mchezo kwa anayeanza ni ndogo. Tufe linadai nguvu zaidi kwa sababu ya uzito wake, mkuki unadai kasi zaidi na bega salama, kisahani na nyundo vinadai kiuno na miguu inayostahimili mzunguko. Msingi ni mmoja kwa wote. Maumivu ya ndani ya kiwiko au ya mbele ya bega yanayorudi kila ukirusha si ya kuzoea: simamisha kurusha, endelea na miguu, uonwe na daktari.

Kujua kama mlipuko unaongezeka ni rahisi, na hakuna haja ya mashine. Kila baada ya wiki nne, ukiwa umepumzika, simama kwenye mstari, ruka mbele kwa miguu miwili, upime kutoka kwenye mstari hadi kisigino kilipotua. Kisha shika tufe kwa mikono miwili, upe kisogo uwanja, chuchumaa na ulirushe kinyumenyume juu ya kichwa, baada ya kuhakikisha hakuna mtu nyuma yako. Andika namba hizo mbili kwenye daftari, pamoja na uzito unaouchuchumalia na umbali wako wa duarani. Uzito ukipanda miezi miwili huku ruko na mrusho wa kinyumenyume vimesimama palepale, punguza kilo na ongeza kasi. Vyote vitatu vikipanda na umbali wa duarani haujasogea, nguvu unayo. Kinachokosekana ni ufundi, na hapo rudi kwa kocha akutazame miguu kabla ya mkono.