Uchachu si vitamini C

Kwenye vibanda vya juisi karibu na soko la Marikiti, Nairobi, ukwaju husifiwa hivi: "Hii iko na vitamini C mob, onja tu uone vile iko kali." Ukali upo kweli. Vitamini C ndiyo karibu haipo.

Vitamini C ni kemikali moja tu, asidi askobiki, na mwili ukiikosa kwa miezi kadhaa unapata kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvuja damu. Uchachu nao ni kazi ya asidi zote zilizomo kwenye tunda, na askobiki ni kidogo sana humo. Juisi ya ndimu ina takribani gramu 5 za asidi sitriki kwa kila mililita 100, ilhali vitamini C yake ni miligramu 30 hivi. Kinachokukunja uso ni sitriki. Kwenye ukwaju ni asidi tatariki, na vitamini C haizidi miligramu 4 au 5 katika gramu 100 za nyama yake. Pera, tamu na halikukunji uso hata kidogo, lina zaidi ya 200.

Kosa hili lina umri. Mwanakemia Scheele alitenga asidi sitriki kutoka kwenye juisi ya limau mwaka 1784. Vitamini C haikutengwa hadi 1928, na mwanasayansi Szent-Györgyi. Katikati hapo watu walijua limau linazuia kiseyeye, wakadhani dawa ni ule uchachu. Kwa hiyo katika miaka ya 1860 jeshi la majini la Uingereza lilipoacha malimau ya Mediterania na kuchukua ndimu za Karibi, hakuna aliyeshtuka, maana ndimu ni chachu vilevile. Vitamini C yake ilikuwa pungufu mno, na msafara wa Aktiki wa 1875 ukashikwa na kiseyeye juisi ikiwa melini. (Hapa Nairobi, ambapo limau na ndimu vyote huitwa ndimu, tusiwacheke sana.)

Sasa, kupima. Karatasi ya litimasi au kipima pH hukuonyesha asidi, basi. Hata titresheni (kudondosha kemikali kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike) ya sodiamu haidroksaidi na fenolfthalini, ambayo wengi huifanya kwa uangalifu mkubwa kisha wakaandika "vitamini C" juu ya jedwali, imehesabu sitriki karibu tupu. Askobiki hukamatwa kwa tabia ambayo sitriki haina: inakula iodini. Yeyusha gramu 2 za potasiamu iodaidi kwenye maji kidogo, tia gramu 1.27 za iodini, koroga mpaka iishe, kisha jaza hadi lita 1. Bila iodaidi, iodini itabaki chini kama mchanga. Pima mililita 20 za juisi iliyochujwa, ongeza maji yaliyokenekwa mililita 150 na mililita 1 ya uji mwepesi wa wanga (gramu 1 kwa mililita 100, uchemshwe na kupoa). Dondosha iodini kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo na koki) huku ukitikisa flaski. Bluu, ambayo ni iodini ikikutana na wanga, itatokea na kupotea maadamu askobiki ingalipo. Ikikaa sekunde 20 bila kupotea, simama. Kila mililita ya iodini ni miligramu 0.88 za vitamini C, kwa hiyo ukitumia mililita 11 una miligramu 9.7 katika zile 20, yaani 48 hivi kwa mililita 100. Hiyo ni juisi ya machungwa ya kawaida.

Pima mara tu baada ya kukamua, kwa sababu hewa huila vitamini hii, na shaba huharakisha. Juisi ya biti itakuficha bluu, kwa hiyo izimue zaidi. Juisi ya pakiti yenye salfaiti, kemikali ya kuhifadhi, ni mtego mbaya zaidi: salfaiti nayo inakula iodini, na jibu linapanda bila vitamini yoyote kuongezeka.

Kwenye lebo, E300 ndiyo askobiki. E330 ni sitriki, ile ile ndimu ya unga ya kwenye achari. Kwa hiyo jedwali lililotoka kwenye titresheni ya sodiamu haidroksaidi halina haja ya kutupwa: futa "vitamini C" pale juu, andika "jumla ya asidi", na mililita zako za sodiamu haidroksaidi zitakuwa sahihi kabisa.