GPS ya Zamani Isitupwe: Namna ya Kuiunganisha na Kompyuta Mpakato

Msimu wa kupima mashamba ya miti unapokaribia, mezani kwangu hapa Mbeya huletwa vipokezi vya GPS vya mkononi vilivyokaa kabatini miaka mingi. Vingine hutoka kwa vikundi vya wapanda miti wa Mufindi na Njombe, vingine kwa kamati za vijiji zinazopanga matumizi ya ardhi. Swali ni lilelile: tukitupe? Kompyuta mpya haina tundu la kukichomeka. Nami huomba kisitupwe kabla hakijapimwa. Kijiji chenye kipokezi kizima hakina sababu ya kuchangishana fedha za kununua kingine, na kukiunganisha na kompyuta mpakato ni kazi ya nyaya tatu na uangalifu.

Fungua kwanza mlango wa betri. Betri za alkali zilizosahauliwa ndani huvuja na kuacha unga mweupe kwenye vyuma. Pamba yenye siki kidogo au maji ya limau huuondoa. Malizia kwa spiriti, acha pakauke kabisa, ndipo uweke betri mpya.

Vipokezi vingi vya zamani, kuanzia Garmin eTrex ile ya njano hadi vile vilivyotengenezwa vivaliwe mgongoni mwa kompyuta za mkononi za Palm, vinaweza kutoa taarifa zake kwa utaratibu uitwao NMEA 0183. Ni mistari ya maandishi ya kawaida, kila mmoja ukianza na alama ya dola, ikitumwa kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde. Kompyuta ya leo ina uwezo wote wa kuisoma. Kilichopotea ni lile tundu la pini 9 lililokuwa nyuma ya kompyuta za zamani, na mahali pake huzibwa na adapta ya USB. Adapta za madukani mara nyingi huwa na chipu ya FTDI, CH340 au Prolific. Ukinunua ya Prolific, ijaribu palepale dukani: Windows za karibuni hukataa chipu za zamani za aina hiyo pamoja na za bandia, na utabaki na waya usio na kazi.

Sasa volti. Hapa naomba msomaji atulie, maana vifaa vingi vizima nimeviona vikiunguzwa hapa. Tundu la pini 9 hufuata kanuni ya RS-232, ambayo umeme wake hupanda na kushuka kati ya volti chanya na hasi, kuanzia 3 hadi 15 kila upande. Vipokezi vya kompyuta za mkononi aghalabu hutumia volti 0 hadi 3.3, au 0 hadi 5, na maana ya juu na chini imegeuzwa. Ukiviunganisha hivi hivi, kipokezi kinaweza kufa siku hiyohiyo. Chukua maltimita, washa kipokezi, weka waya mweusi kwenye pini ya ardhi na mwekundu kwenye pini inayotoa data. Ukisoma volti hasi wakati kimetulia, ni RS-232 na adapta ya kawaida inafaa. Ukisoma chanya 3.3 au 5, tafuta adapta ya USB ya volti hiyohiyo, ile wanayotumia wanafunzi wa Arduino, vibao vidogo vya kujifunzia elektroniki. Vipo vipokezi vinavyosoma karibu na sifuri. Vipokezi vya namna hiyo kwa kawaida huelewana na adapta ya RS-232.

Kisha pini inayotoa data iende kwenye pini inayopokea ya adapta, inayopokea iende kwenye inayotoa, na ardhi kwa ardhi. Pini ya umeme usiiguse. Acha betri zifanye kazi yake.

Kwenye menyu ya kipokezi chagua NMEA badala ya Garmin, yaani utaratibu wa kampuni yenyewe, na kwenye kompyuta weka kasi ileile ya 4800. Programu ya ramani ya QGIS, isiyolipiwa, itakuonyesha ulipo juu ya ramani. GPSBabel, nayo ya bure, itakutolea alama zilizohifadhiwa, ila kwa kipokezi cha Garmin rudisha kwanza menyu kwenye Garmin. Kishale cha kompyuta kikianza kuruka na kufungua vitu chenyewe, usidhani ni virusi. Windows imeidhani mistari ya GPS kuwa kipanya cha zamani. Chomoa, washa kompyuta upya, na uchomeke kipokezi baada ya kompyuta kuwaka kabisa.

Maandishi yakishaanza kutiririka, wengi hushangilia na kunakili namba. Subiri. Mstari wa $GPGGA, ule unaotaja mahali ulipo, ukisomwa mjini Mbeya unaweza kuonyesha 0854.6000,S. Hizo ni nyuzi 8 na dakika 54.6, yaani nyuzi 8.91 ukigawa dakika kwa 60. Aliyeandika 8.546 amelihamisha shamba zaidi ya kilomita 40 kuelekea kaskazini, upande wa Chunya. Aliyesahau alama ya kutoa, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, amelipeleka Sudan Kusini. Kosa la namna hii likiingia kwenye ramani ya mipaka, ugomvi wake haumalizwi na fundi.

Lipo kosa dogo zaidi, nalo ndilo linaloniumiza kwa sababu halionekani kwa macho. Ramani zetu za zamani za karatasi za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, wakati GPS husoma WGS 84. Tofauti ni takriban mita 300. Kwa shamba la ekari mbili, hilo ni shamba la mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo andika jina la datamu pembeni ya kila orodha ya alama unazochukua.

Tarehe ikionyesha karibu miaka 20 nyuma, kipokezi hakijaharibika. Hesabu ya wiki za GPS hufika 1024 na kuanza upya, na ilianza upya Aprili 2019. Mahali patasomwa sawasawa. Tarehe iandike daftarini kwa mkono.

Na siku ya kwanza usikijaribie ndani ya nyumba, wala chini ya misindano ya shamba la miti la Sao Hill. Ukungu wa huku hauzuii setilaiti, ila matawi mazito yaliyolowa hudhoofisha mawimbi yake. Kiweke uwanjani juu ya kiti, anga wazi, na ukipe angalau robo saa: orodha kamili ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa, na kipokezi kilicholala miaka kumi kinaianza upya.