Zaka kwa simu: yasemwayo na yalivyo

Dhana: Siku hizi watu wanatoa zaka kwa sababu simu imerahisisha.

Ukweli: Simu imefupisha njia tu. Mwenye duka Darajani anayetuma zaka kwa simu anasukumwa na lile lile lililomsukuma babu yake aliyepima mpunga kwa pishi: hii ni nguzo ya dini, na kwayo mtu hutakasika, kama isemavyo Suratu Tawba, aya ya 103. Wanaosita nao, wengi hawazuiwi na intaneti. Wanazuiwa na shaka. Namba hii ya nani? Fukara atafikiwa kweli? Mimi naona kazi kubwa iko hapa. Anayekusanya, iwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kamati ya msikiti wa mtaani, aeleze kapokea kiasi gani na kagawa kwa makundi yepi kati ya yale manane yanayostahiki zaka. Aeleze bila ya kuwaanika mafukara kwa picha. Heshima yao nayo ni amana.

Dhana: Karafuu haina zaka, basi na pesa yake haina.

Ukweli: Nusu ya kwanza ni sawa. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi Unguja na Pemba, zaka ya mazao iko kwenye chakula cha kuwekeka, kama mpunga na mahindi. Lakini mkulima wa Wete akishaiuzia ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, karafuu yake, pesa inayobaki mkononi mwake ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali ya kutolewa zaka, na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, ina zaka ya asilimia 2.5. Ahesabu pamoja iliyoko benki, kwenye simu na ndani ya kasha. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na bei hupanda na kushuka, kwa hiyo aulize kila mwaka. Mwaka wake ukitimia Rajabu, asingoje Ramadhani. Rajabu pia watu wana njaa.

Dhana: Nikimtumia mama pesa ya futari, zaka imeshatoka.

Ukweli: Mama asiyejiweza kumtunza ni wajibu wako, kwa hiyo hapewi zaka yako ya ufukara. Kaka, shangazi au mjomba fukara anapewa, na Mtume (S.A.W.) kafundisha kuwa sadaka kwa jamaa ina mawili: sadaka na kuunga udugu. Weka nia unapotuma. Si lazima umwambie kuwa ni zaka. Na umuongezee ya kutolea, haki yake isipunguzwe na makato.