Barua ya ndugu kwa ndugu nayo hudanganya

Wiki hii limenirudia tena. Kijana anayeandika tasnifu ya historia aliniletea orodha ya barua za familia ya Booth, wale waigizaji wa Marekani wa karne ya 19. Nikamuuliza mbona amechagua barua tupu, akaacha magazeti, mabango ya michezo na kumbukumbu za mahakama. Akanijibu bila kusita: "Mama, magazeti yanatia chumvi. Barua ya ndugu kwa ndugu itadanganya kwa faida gani?"

Nimehifadhi nyaraka miaka mingi, na kauli hiyo huja kila msimu wa tasnifu. Uvumilivu umeniishia. Naandika hapa mara moja, ili atakayekuja nayo tena nimwambie aanzie huku.

Familia yenyewe kwa haraka. Junius Brutus Booth alizaliwa London mwaka 1796. Mwaka 1821 alimwacha mkewe Adelaide na mtoto wao wa kiume, akavuka bahari na Mary Ann Holmes. Wakaweka makazi shambani Harford, Maryland, wakazaa watoto 10. Wana watatu walijulikana jukwaani: Junius mdogo, Edwin na John Wilkes. Binti yao Asia aliolewa na mchekeshaji John Sleeper Clarke. Tarehe 14 Aprili 1865 John Wilkes alimpiga risasi Rais Lincoln ndani ya ukumbi wa Ford, Washington. Hayo mnayajua.

Sasa mtazameni mzee Junius. Huku analea nyumba nzima Marekani, huku anamtumia Adelaide pesa Ulaya, mwaka baada ya mwaka. Ningekuwa sina hati nyingine ila ushahidi wa pesa zile, ningeapa kwamba huyu ni mume mwaminifu aliye safarini kikazi. Kumbukumbu za mahakama ndizo zilizomuumbua: talaka ya mwaka 1851, na tarehe 10 Mei mwaka huohuo ndipo alipofunga ndoa na Mary Ann. Siku hiyo John alikuwa anatimiza miaka 13. Hati kavu ya mahakama, ile ambayo kijana wangu hakuitaka, ndiyo iliyosema kweli.

Lakini uongo wa aina hiyo ni rahisi kuugundua. Unaoniudhi watu wasipouona ni ule wa barua ambayo mwandishi wake hakudanganya hata neno moja.

Siku chache kabla ya mauaji, Junius mdogo, aliyekuwa akiigiza Cincinnati, alimwandikia John kumshauri aachane na biashara ya mafuta. Barua ikaangukia mikononi mwa wapelelezi. Wakasoma "mafuta", wakasema hilo ni fumbo, njama yenyewe ndiyo inayoitwa mafuta. Junius akatiwa ndani, katika gereza la Old Capitol, Washington. Shemeji yake Clarke naye akafungwa humohumo.

Turudi nyuma kidogo. John alikuwa na biashara ya mafuta kweli. Alitia fedha zake kwenye kisima karibu na Franklin, Pennsylvania, akaambulia hasara, na kufikia vuli ya mwaka 1864 alikuwa ameshajitoa. Ila hakuacha kuyataja. Akiulizwa anazungukazunguka nini, mbona haigizi sana siku hizi, jibu lilikuwa lilelile: mafuta. Ndugu zake wakameza.

Kwa hiyo neno lile moja ni mambo matatu. Kwa John ni pazia. Kwa wapelelezi ni fumbo. Kwa Junius, ninavyosoma mimi, ni mafuta tu, yale ya kuchimba ardhini, na kaka mtu anamwonea huruma mdogo wake anayepoteza pesa. Anaandika kwa moyo mweupe, na anachokiandika si kweli, kwa sababu yeye mwenyewe alidanganywa kwanza. Ukiichukua barua hiyo kama kioo cha maisha ya John utapotea, na ukiichukua kama fumbo utamfunga mtu asiye na hatia. Wapo wenzangu wanaoona Junius alijua zaidi ya hapo. Nimebishana nao sana, na zipo siku hoja zao hunikosesha usingizi.

Kinyume chake pia kipo. Tarehe 4 Julai 1835 mzee Junius alimwandikia Rais Andrew Jackson kutoka Philadelphia, akidai wawili waliohukumiwa kifo wasamehewe, la sivyo atamkata rais koo akiwa usingizini. Akaweka na jina lake. Kwa muda mrefu watu walidhani jina lile limeghushiwa, kwa sababu nani atamtishia rais kisha atie sahihi? Mwaka 2009 wahariri wa nyaraka za Jackson walithibitisha, mwandiko ukiwa sehemu ya ushahidi, kwamba ni yake. Ilionekana ya uongo kwa kuwa imezidi mno.

Halafu kuna zilizochomwa. Mtu anayesema "barua zote za John" anasahau hofu ya Aprili ile, nyumba zikipekuliwa, ukikutwa na mwandiko wake una kesi ya kujibu. Mwigizaji John Matthews alisema John alimkabidhi barua siku yenyewe ya mauaji, naye akaitia motoni. Edwin, kwa masimulizi ya mfanyakazi wa jukwaani, alichoma sanduku la mavazi ya John kwenye tanuri la ukumbi wake New York, vazi baada ya vazi. Edwin alipofariki mwaka 1893, binti yake Edwina ndiye aliyechagua barua za kuchapishwa mwaka uliofuata. Tunazosoma leo zimepita kwenye chujio la jamaa.

Hapa nami nakiri jambo. Kitabu cha Asia kuhusu mdogo wake, John, nakitegemea kupita ninavyopaswa. Alikiandika kwa siri Uingereza mwaka 1874, miaka tisa baadaye, katika daftari lenye kufuli, na kikachapishwa 1938, miaka 50 baada ya kifo chake. Humo John anaongea maneno marefu, neno kwa neno. Mimi siwezi kurudia neno kwa neno alichoniambia ndugu yangu mwezi uliopita. Najua hivyo, na bado nikitaka kuisikia sauti ya nyumba ile ndicho ninachokifungua.

Kijana wangu alikuwa ameweka alama kwenye barua ya mama yao ya tarehe 28 Machi 1865, kwa John. Mary Ann analalamika kwamba mwanawe amemwacha na huzuni, kisha anaandika: mimi si mama wa Kirumi (yaani yule wa kuwatoa wanawe kwa ajili ya nchi), nawapenda wanangu kabla ya nchi na kabla ya kitu kingine chochote. Kijana alikuwa ameandika pembeni kwa penseli, kwenye nakala yake: "Alijua."

Nikamwomba aisome upya kuanzia tarehe, na safari hii ajiulize mama huyu alikuwa ameambiwa nini kufikia asubuhi ile, na aliambiwa na nani. Akaichukua nakala akarudi mezani. Saa ya kufunga ilipofika, lile neno la pembeni lilikuwa limefutwa, na chini yake ameandika: "Mafuta?"