Mwanga wa usuli: kwa nini mbalamwezi huficha galaksi

"Kaka, leo mwezi umewaka hivi, si ndiyo picha zako zitatoka safi?"

Jirani yangu hapa Pasua aliniuliza hivyo jioni moja, akinikuta uani nafunga kamera kwenye darubini. Ni swali la haki kabisa. Kwenye simu, mwanga ukiwa mwingi picha hutoka nzuri zaidi. Na usiku wa mwezi wa kumi na nne, mawingu yakikaa pembeni, Kibo huonekana kutoka mjini Moshi nyeupe pee, utadhani kuna mtu kaimulika. Sasa kama mlima unaonekana vizuri hivyo, kwa nini galaksi, ile mikusanyiko mikubwa ya nyota iliyo mbali, zisionekane?

Hazionekani, na kinachozizuia kina jina: mwanga wa usuli.

Mwanga wa usuli ni mwanga wote unaoingia kwenye kamera kutoka angani bila kutoka kwenye kile unachokipiga picha. Anga ya usiku haiwi nyeusi tii hata pasipo mwezi. Hewa ya juu kabisa hung'aa yenyewe kidogo, vumbi lililotapakaa kati ya sayari hurudisha mwanga wa jua, na taa za mji huongeza zao. Mwezi ukitoka, mwanga wake hugonga molekuli za hewa, vumbi na unyevu, ukatawanyika kila upande. Ndiyo maana usiku huo anga yote huwa na rangi ya kijivu-buluu, hata upande ambao mwezi haupo. Ni jambo lile lile linaloifanya anga ya mchana iwe ya buluu, ila kwa kiwango kidogo zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa muda mrefu. Nilidhani mbalamwezi huiziba galaksi kama wingu linavyoziba. Sivyo. Wingu huzuia mwanga usifike, lakini mwezi hauzuii chochote: kila chembe ya mwanga wa galaksi, yaani kila fotoni, inafika kwenye kamera vile vile kama usiku wa giza. Mwezi unaongeza tu. Ukishajua hivyo, wazo linalofuata huja lenyewe: kama umeongeza, basi nitatoa. Nipime mwanga wa anga tupu pembeni ya galaksi, nitoe kiasi hicho kwenye picha nzima, ibaki galaksi peke yake. Programu za kuchakata picha, kama Siril ambayo haina malipo, hufanya hivyo hivyo kwa kubonyeza mara chache.

Nilifanya hivyo. Ukijivu ukaondoka, anga ikawa nyeusi, na galaksi bado haikuonekana. Mahali pake palibaki chenga chenga, kama televisheni ya zamani iliyopoteza stesheni.

Ili kuelewa chenga hizo, toka uani mvua ikinyesha. Panga sufuria kumi za ukubwa mmoja, kisha hesabu matone yanayoingia kila moja kwa dakika moja. Hayatalingana. Kama wastani ni matone 100, sufuria moja itapata 92, nyingine 109, nyingine 101. Mvua haigawi kwa kipimo. Kanuni yake ni kwamba tofauti hiyo ya bahati huwa karibu na kipeuo cha pili cha idadi: matone 100 hupepesuka kwa takribani 10, na matone 10,000 kwa takribani 100.

Sasa tuseme bomba la maji linapita juu ya sufuria moja na linavuja, likiongeza matone 30 kwa dakika. Kazi yako ni kutambua ni sufuria ipi, kwa kuhesabu matone tu. Mvua ikiwa ya rasharasha, yenye matone 100, sufuria ya 130 itajionyesha. Lakini ikija mvua ya masika yenye matone 10,000, sufuria zote zitapishana kwa mia na zaidi, na 30 zako zimepotea humo. Unaweza kutoa 10,000 kutoka kila sufuria, huo ni wastani na unaujua. Kule kupepesuka huwezi kukutoa, kwa sababu kwa kila sufuria hujui kulikwenda juu au chini.

Sufuria ni pikseli za kamera, yaani vijisehemu vidogo vinavyopokea mwanga. Mvua ni mwanga wa usuli, bomba linalovuja ni galaksi. Kule kupepesuka, wapiga picha wa anga hukuita kelele, ingawa hakuna sauti yoyote. Kwa hiyo tatizo la mbalamwezi haliko kwenye ukijivu wake, maana huo unafutika. Tatizo ni kelele inayokuja pamoja nao.

Nitaweka hesabu, kwa tarakimu nilizozichagua ziwe rahisi. Ukingo hafifu wa galaksi unaipa pikseli fotoni 2 kwa dakika. Anga ya giza inaipa 20. Mwezi mpevu, mahali palipo mbali na taa, huweza kuing'arisha anga zaidi ya mara 20. Tuchukue 20, iwe fotoni 400 kwa dakika. Piga picha kwa dakika 100. Usiku wa giza unakusanya 200 za galaksi na 2,000 za anga. Kipeuo cha pili cha 2,200 ni karibu 47, hivyo galaksi imeizidi kelele mara nne na ushee, na inaonekana. Usiku wa mwezi, galaksi ni zile zile 200, lakini anga ni 40,000 na kelele inafika 200. Galaksi na kelele zimelingana, na jicho halioni kitu. Ili kupata picha ya ubora ule ule, ungehitaji muda mara 18, yaani zaidi ya saa 30. Kwa mwenye kazi ya mchana, hizo ni wiki kadhaa za kukesha.

Tena hesabu hiyo ni ya ukingo hafifu. Kitovu cha galaksi hung'aa zaidi na hutokeza hata mbele ya mwezi mpevu. Kinachopotea ni sehemu hafifu, na ndiyo maana makundi ya galaksi huumia kuliko karibu kila kitu kingine. Kundi la galaksi ni galaksi kadhaa, hadi dazeni chache, zilizoshikana kwa mvutano wao zenyewe. Njia Nyeupe, galaksi tunamoishi sisi, imo katika kundi lenye galaksi zaidi ya 50, nyingi zikiwa ndogo. Majirani hao huvutana, na wakivutana huchomoana nyota: mikia, madaraja, pazia nyembamba za mwanga. Uzuri wa picha ya kundi upo kwenye mikia hiyo, na mikia hiyo ndiyo ya kwanza kumezwa na mwanga wa usuli.

Mfano ninaoupenda ni zile galaksi tatu za kundinyota Asadi, yaani Simba: M65, M66 na NGC 3628, kama zinavyoitwa kwenye orodha za wanaanga, umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 35 (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Mwanaanga Mfaransa Charles Messier aliziona mbili za kwanza mwaka 1780 na kuziandika. Ya tatu, ambayo ipo pale pale jirani, ilimpita. Mwanaanga mwingine, William Herschel, ndiye aliyeipata mwaka 1784. Si ndogo, ila mwanga wake umetandazwa kwenye eneo pana, kama siagi kidogo kwenye mkate mkubwa. Kutoka ubavuni mwake umechomoza mkia wa nyota wenye urefu wa miaka ya nuru takribani 300,000. Wenye picha nzuri za mkia huo walizipiga gizani.

Na Asadi inatuchezea sisi wa kaskazini mwa Tanzania kwa namna mbili. Jioni za Aprili, inapopita juu kabisa saa za kawaida za watu kuwa macho, Moshi na Arusha ziko katikati ya masika. Basi tunaiwahi Februari, ambapo inafika juu mnamo saa nane usiku. Lakini kundinyota hilo liko kwenye njia ya mwezi, na mwezi mpevu wa mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi husimama humo humo au jirani yake. Ukikosea wiki, umekosa mwaka.

Ratiba yangu siitafuti mbali: ni kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni kwa jirani yule yule. Tarehe 13, 14 na 15, ambazo Waislamu huziita siku nyeupe, ni za kuacha darubini ndani. Kuanzia kama tarehe 18 mambo hubadilika, kwa sababu mwezi huchelewa kutoka kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Huku kwetu karibu na ikweta machweo ni mafupi. Saa mbili kasoro usiku giza limeshakamilika karibu mwaka mzima. Siku tatu baada ya mwezi mpevu unapata zaidi ya saa nzima ya giza kabla haujatoka, na siku tano baadaye karibu saa tatu. Upande wa pili, wiki ya kwanza, mwezi nusu hutua karibu na saa sita usiku na kukuachia usiku wa manane mzima. Tena mwezi nusu si nusu ya mwangaza kama jina linavyodanganya. Unatoa kama sehemu moja ya kumi tu ya mwezi mpevu, kwa kuwa jua linaupiga kwa ubavu na uso wake umejaa vivuli vya mashimo na milima.

Kuna swali la vichungi, yaani vioo vya kuchuja mwanga vinavyowekwa mbele ya kamera, maana ndilo wanaoanza hutaka kulimaliza kwa pesa. Vipo vichungi vinavyopitisha rangi moja nyembamba tu, na kwa mawingu ya gesi, kama lile la Orioni, vinafanya kazi ajabu hata mwezi ukiwaka, kwa sababu gesi hiyo hung'aa kwa rangi chache maalumu. Galaksi ni nyota, na nyota hutoa rangi zote, kama jua. Na mbalamwezi ni jua lile lile lililorudishwa. Kichungi hakiwezi kutofautisha jua la huku na majua ya kule. Ukikata mmoja, unakata wote wawili. Nimeona watu wakinunua kwa gharama kubwa kisha wakashangaa.

Nafuu ndogo ipo kwenye rangi nyekundu. Hewa hutawanya buluu zaidi: mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450, hutawanyika karibu mara sita kuliko mwekundu wa nanomita 700. Kwa hiyo mwenye kamera isiyo ya rangi anaweza kuweka kichungi chekundu, au kile kinachopitisha infraredi ya karibu, akapiga humo usiku wa mwezi, na kuacha buluu na kijani kwa usiku wa giza. Hupotezi usiku wote. Pia huna haja ya kufungua kamera dakika tano tano. Mwanga wa anga ukiwa mwingi namna hii, kelele ya kamera yenyewe inakuwa si kitu, na picha fupi fupi nyingi za sekunde 30 zikirundikwa pamoja zinatosha sawa.

Mwelekeo nao una maana. Anga huwa angavu zaidi karibu na mwezi, hasa kukiwa na vumbi au unyevu, na hutulia kidogo ukiwa umbali wa kama nyuzi 90 kutoka kwake. Shida ya Moshi, iliyo nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, ni kwamba mwezi mpevu hupanda juu sana miezi yote. Ukiwa utosini, hakuna mahali angani palipo mbali nao zaidi ya nyuzi 90, na pale penye 90 ni upeo wa macho: kaskazini kuna Kibo lililokula karibu nyuzi tisa, kusini kuna ukungu na vumbi. Afadhali kusubiri ushuke.

Taa za mji, angalau, umeme ukikatika huzimika zote kwa mpigo, na dakika zile ni za kukimbilia kamera. Mwezi hauna swichi. Ila ukweli mwingine wa ajabu ni kwamba anayepigia picha katikati ya Moshi au Arusha haumizwi na mwezi sana kama aliyesafiri hadi bwawa la Nyumba ya Mungu au Longido. Mvua yake ilikuwa kubwa tangu mwanzo. Kuiongeza hakubadilishi sana. Kwa hiyo safari ya kwenda gizani ifanye usiku usio na mwezi, au okoa nauli.

Jirani nilimjibu kwa mfano wa sufuria, akacheka, akasema basi nipige picha mwezi wenyewe maana ndio upo. Nilipiga, na ameiweka kwenye simu yake. Zile tatu za Asadi nimeshazikusanyia saa tisa, zote za usiku wenye mwezi: vitovu vitatu vipo, mikono ya M66 inaanza kujitokeza, NGC 3628 ina mstari wake mweusi wa vumbi katikati. Mkia haupo.