Salongo peke yake haitaiponya Kahuwa

Jumamosi iliyopita, kama saa nne asubuhi, jirani yangu alipita mlangoni akitoka salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha Kahuwa, mto wetu hapa Bukavu, buti zimejaa tope, uso unang'aa. "Enjenia," akaniambia, "leo tumeuponya mto." Nikamwuliza walichotoa wamekiweka wapi. Akanishika mkono twende nikaone. Rundo lilikuwa ukingoni, hatua mbili kutoka kwenye maji: chupa, masaseti, ndala, matambara, na tope jingi kuliko vyote. Jumapili usiku mvua ikapiga. Jumatatu hapakuwa na rundo.

Nimeona hivyo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika. Wenye mikokoteni wa kupeleka uchafu mbali walipwe kabla ya kushika koleo, la sivyo mlichofanya ni mazoezi ya mwili. Kuhusu chupa sitasema mengi. Sisi wa Bukavu tunajua zinaishia wapi: ziwani, kisha mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani, kisha kwenye bwawa la umeme, halafu tunakaa gizani tukilaumu SNEL, shirika la umeme.

Ila chupa si ugonjwa wenyewe. Angalia tena lile rundo: sehemu kubwa ni udongo. Kahuwa ikitoka komini ya Kadutu siku ya mvua ina rangi ya chai ya maziwa, na rangi hiyo haitoki kwenye plastiki. Inatoka kwa mtu aliyekata mlima apate kiwanja, akasukuma udongo wote korongoni kwa sababu korongo halina mwenyewe. Udongo unashuka, unajaza sakafu ya mto, mto unapanda, na maji yaliyokuwa yakipita chini ya daraja yanaingia sebuleni kwa watu. Chupa inakuja mwishoni, inakwama kwenye tope, ndiyo inayopigwa picha.

Na udongo unasukumwa na nini? Na mabati yako. Hapa watu hunikatiza: "Papa, maji ya mvua ni masafi, yaache yaende." Haya, tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo hapa kwetu haimtoi mtu kitandani, inakupa lita 960. Bidoni 48 za lita 20, zimemwagwa kwenye kona moja ya nyumba katika muda wa kupika sombe (majani ya muhogo). Zamani mlima ulikuwa na majani na migomba, maji yakashuka polepole. Leo ni bati juu ya bati, na chini ya kila bati kuna kitundu kinachochimbika.

Basi weka pipa, utasema. Weka, ni vizuri. Lakini nitoboe siri ambayo mafunzo yetu huificha: pipa la lita 200 kwenye nyumba hiyo linajaa baada ya milimita nne na kidogo. Ili lisaidie mto, lazima liwe tupu mvua inapoanza. Nani Bukavu atamwaga maji mazuri mwezi wa kumi na moja, wakati bomba la Regideso, shirika la maji, linakohoa tu? Mimi mwenyewe nina mapipa mawili. Mke wangu amenikataza kuyagusa, na ana haki. Kwa hiyo pipa ni kwa ajili ya kufua na kuosha vyombo; kwa mto linasaidia kidogo sana. Naendelea kulishauri, lakini siwezi tena kulisifu kama zamani.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniudhi hasa: shimo la kunyonya maji. Kila mradi unaokuja unaleta mchoro uleule: chimba shimo, jaza mawe, maji yazame ardhini, mto upumue. Kwenye ardhi tambarare ni sawa kabisa. Lakini sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mfinyanzi unaoteleza! Nenda Funu, mtaa uliokaa juu ya poromoko la ardhi, uone nyumba zilivyoinama kama walevi. Watafiti waliolinganisha picha za angani za karibu miaka 70 za poromoko lile walichapisha mwaka 2022 kwamba mwendo wake umeongezeka kadiri mji ulivyolijaa, na wakataja maji yetu wenyewe kati ya sababu: ya mvua tuliyoyageuzia njia, na ya mabomba yanayovuja. Ukiyazamisha maji mahali kama pale, unaupaka mlima mafuta.

Nasema hivi nikiwa na kosa langu mkononi. Miaka iliyopita nilimshauri mama mmoja wa mteremkoni achimbe shimo kama hilo. Alichimba vizuri, kina cha mita mbili. Mvua za mwezi wa nne zikapita, na ukuta wa jikoni ukapasuka, ufa unaoingiza kidole. Je, ni shimo langu? Huenda ufa ungekuja tu. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kutoa neno natazama kwanza kuta na miti. Miti ikiinama na kuta zikiwa na nyufa za mshazari, maji yasizame hapo; yatiwe kwenye bomba hadi kanivo (mfereji) ya saruji. Pasipo dalili hizo, na ardhi ikiwa tambarare, shimo ni rafiki.

Mengine kwa haraka. Mikalatusi ukingoni inashika udongo wa juu kiasi, lakini chini yake majani hayaoti vizuri. Majani ya matete yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na mbuzi wanayapenda. Vetiva, nyasi ya mizizi mirefu, nayo ni nzuri, ila mizizi ya mita tatu haishiki poromoko linaloteleza mita nyingi chini yake. Na wale wanaofungua tundu la choo mvua ikianza ili korongo libebe: tunawajua, harufu inatangulia. Kipindupindu hakiulizi nani alifungua.

Jirani yangu alipomaliza kununa, tulizunguka nyumba yake. Kwenye kona ya nyuma maji ya paa yamechimba hadi mawe ya msingi yanaonekana, na kijito chake kinateremka moja kwa moja hadi Kahuwa. Tukapima bomba: mita 17 hadi kanivo. Tatizo, lazima lipite kwenye parseli (kiwanja) ya mama wa chini. Yeye anasema amepokea maji yetu bure miaka kumi na moja, sasa anataka kodi. Kikao ni Jumapili baada ya misa.