Madoa meupe ya samaki wa tangini: ni ugonjwa gani, na kwa nini hurudi baada ya dawa

Madoa meupe ni ugonjwa wa samaki wa maji matamu unaoletwa na kimelea cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, kilichoelezwa kitaalamu mwaka 1876. Dalili yake ya nje haihitaji mtaalamu: mapezi na mwili huota vidoa vyeupe visivyozidi milimita 1, samaki akaonekana kama aliyenyunyiziwa chumvi. Hata hivyo, samaki wengi hufa mikononi mwa watu waliokwisha kuutambua ugonjwa na kununua dawa inayofaa. Wanakazania kuliua doa, ilhali doa ndipo mahali ambapo dawa haifiki.

Ndani ya kila kidoa mna kimelea kilichojichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi. Kinajizungusha polepole huku kikila seli na majimaji ya samaki, na ngozi ya samaki huyo huyo ndiyo inayokikinga. Kikikomaa hutoboa ngozi, hutoka na kuzama, kisha hunata kwenye changarawe, jani au ukuta wa kioo na kujifunika utando mzito. Humo ndani hugawanyika mara kwa mara hadi kuwa vimelea vichanga mamia, wakati mwingine kufikia 1,000. Utando huo nao huzuia dawa. Unapopasuka, vichanga hutoka wakiogelea kutafuta samaki wa kumwingia, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili hivi hufa. Wakiwa katika safari hiyo hawana ngozi ya kuwasitiri wala utando, na hapo tu ndipo chumvi, shaba, fomalini na dawa nyingine huwaua.

Hivyo basi, madoa yakitoweka siku mbili tatu baada ya kutia dawa, mara nyingi samaki hajapona. Vimelea vimekomaa na kushuka chini kuzaliana. Anayeacha dawa siku hiyo atawaona samaki wake wiki inayofuata wakiwa na madoa maradufu, naye atasema dawa ni feki. Mzunguko wote huchukua siku 3 hadi 6 maji yakiwa na nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi; kwenye nyuzi 7 huvuka wiki 5. Kwa tangi la nyuzi 26, mimi ningeendelea na tiba wiki nzima baada ya doa la mwisho kuondoka, na kwa maji ya ubaridi muda mrefu zaidi.

Kabla ya kutibu, hakikisha ni ugonjwa huu. Dume la samaki wa dhahabu likiwa tayari kuzaliana huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya ubavuni, na kwingine mwili uko safi. Huyo ni mzima, mwache. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu, hasa unapommulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni, hicho ni kimelea kingine. Kinyume chake, madoa meupe yanaweza kuanzia kwenye matamvua pasionekane doa lolote: samaki anahema haraka, anajisugua kwenye mawe, anakaa karibu na mahali maji yanapotokea kwenye filta. Amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki ambayo bakteria wa filta huiondoa, ikizidi majini huleta dalili karibu zile zile, kwa hiyo pima maji kwanza. Mwenye hadubini akwangue ute kidogo wa ngozi: atakiona kimelea kikibingirika, na ndani yake kiini kikubwa kilichopinda umbo la herufi C. Akikiona hicho, hana haja ya kubahatisha.

Tiba niipendayo kuanzia, kwa samaki wengi wenye magamba, ni chumvi. Tuchukue tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36. Kwa hesabu ya vipimo ni lita 64 na ushee, lakini ukitoa changarawe na nafasi iliyoachwa juu, maji yenyewe ni kama lita 55. Kwa gramu 2 kila lita utahitaji gramu 110. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji ya tangi, mimina nusu leo na nusu kesho. Ukibadilisha maji lita 10, rudishia gramu 20 tu. Yaliyopungua kwa kukauka yajazie maji matupu, maana chumvi haitoki kwa mvuke. Kila unapobadilisha maji, nyonya uchafu wa kwenye changarawe kwa mpira, kwani huko chini ndiko vimelea vinakozaliana. Mimea mingi haipendi chumvi, kwa hiyo iliyo laini ihamishe.

Wengi huongeza joto hadi nyuzi 30 ili mzunguko uende mbio. Husaidia kwa samaki wanaolistahimili, mradi hita ipandishwe kidogo kidogo. Lakini maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8.3 hivi kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba 7.5, nawe unamhudumia mgonjwa ambaye matamvua yake yamekwisha kuharibika. Pasipo pampu ya hewa, acha joto lilivyo.

Madoa yakiwa mengi, dawa ya dukani yenye malakaiti ya kijani, fomalini au shaba ina nguvu zaidi. Toa kaboni kwenye filta kwanza, kwani hufyonza dawa. Shaba huua konokono na kamba, na kambale na wengine wasio na magamba huumizwa upesi na dawa hizi, kwa hiyo fuata kipimo walichowekewa kwenye maelezo ya dawa. Vaa glavu. Malakaiti ya kijani hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa Marekani na Ulaya, na asiitumie hata kidogo mwenye bwawa la sato. Vidonge vya tetrasaiklini havina kazi hapa, kwani kimelea hiki si bakteria. Vinaweza tu kuua bakteria wazuri wa filta na kukuachia amonia juu ya ugonjwa.

Wanaofuga samaki wa matumbawe wajue kwamba madoa meupe ya maji ya bahari yanafanana na haya kwa macho tu. Yanaletwa na Cryptocaryon irritans, na chumvi ya kipimo nilichotaja haina maana yoyote kwa samaki anayeishi ndani ya chumvi.

Ugonjwa huingia na samaki mgeni, mmea au maji ya mfuko wa dukani, na hushika kasi samaki anapodhoofishwa na baridi ya ghafla. Tangi lisilo na hita jijini Nairobi mwezi wa Julai liko hatarini kila usiku. Samaki mgeni akae peke yake wiki 4 kwenye tangi dogo lenye filta yake. Aliyepona naye hupata kinga ya kiasi, lakini anaweza kubeba kimelea bila kuonyesha doa, kwa hiyo usimpeleke kwa jirani upesi. Wavu uliotumika kwa mgonjwa uanikwe hadi ukauke kabisa kabla ya kugusa tangi jingine. Kimelea hiki hakistahimili kukauka.